Nimempa cheo mara 3, mara 3 kakataa. Tatizo ni yeye, mimi au cheo chenyewe?

#1 Mzee wa Katonga

Wakuu habari za jioni. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba.

Niko Kigoma mjini, kwenye shirika moja la mambo ya maji na afya vijijini. Silitaji, msinilazimishe. Nina miaka miwili tangu nihamie kituo hiki kama meneja. Wafanyakazi wangu ni 31, wanawake 17. Wakuu wa vitengo watano, wote wanaume. Makao makuu wameanza kunibana, kila robo mwaka fomu ya ripoti inauliza wanawake wangapi wako kwenye uongozi. Kila robo naandika sifuri, halafu chini yake naandika maelezo marefu ya kujitetea.

Sasa kuna dada mmoja hapa, nimwite Mama Neema. Huyu anaijua kazi. Ukitaka kujua bomba la mserereko (lile la maji yanayoshuka yenyewe) la kijiji fulani lilipasuka lini, nani aliliunga na kamati ya maji ilikula shilingi ngapi, humwulizi mkuu wa kitengo, unamwuliza yeye. Mara ya kwanza, mkuu wa kitengo cha fildi alipokuwa hayupo kwa muda, nilimpendekeza kwenye kikao cha wote ashike nafasi hiyo. Watu wakapiga makofi. Akasimama, akashukuru vizuri, akasema hapana. Tukampa kijana mwingine nafasi ya muda. Mara ya pili nikamwita ofisini kwangu peke yake, nikamwomba kama mzazi. Hapana.

Mwezi uliopita mkuu wa kitengo hicho kaondoka kabisa. Nikamwambia Mama Neema, basi kaimu kwanza uone inavyokwenda. Hapo alicheka. Si kicheko cha furaha, na si cha dharau pia. Akasema, "Bosi, mpe mwingine tu."

Nimemsimulia mke wangu, kajibu maneno matatu: "Huyo ana akili." Naye sikumwelewa.

Wenye uzoefu nisaidieni. Kwa nini wanawake wanakimbia vyeo?

#2 dagaa_mkavu

Nimekaa siti ya mbele na kahawa yangu na kashata. Tiririkeni.

#3 Nguvu Moja

Mkuu unajitesa bure. Mtu kakataa mara 3, bado unambembeleza? Wapo vijana wa kiume wanaoomba hiyo nafasi usiku na mchana. Wanawake wengi hawataki presha, wanataka mshahara uingie tarehe zake na saa 9 na nusu wawe wameshika pochi. Halafu hawapendani. Mpe mmoja cheo uone wenzake watakavyomchimba. Mimi nimewahi kuongozwa na bosi mwanamke, sitasahau.

#4 Binti Gungu

Nguvu Moja, mabosi wa kiume waliokutesa ni wangapi? Na ulipotoka kwa wa kwanza ulitangaza kwamba wanaume hawafai kuongoza? Bosi mwanaume akiwa mkali tunasema ana msimamo, mwanamke akiwa mkali anakuwa hadithi ya kusimulia mtandaoni miaka kumi baadaye.

Mzee wa Katonga, nina jambo moja tu. Nenda masijala, toa faili la huyo dada, angalia kama hajawahi kukaimu kabla wewe hujaja. Kicheko hicho nakijua.

#5 Mzee wa Katonga

Leo Jumamosi, ofisi imefungwa. Nitaangalia Jumatatu. Lakini nadhani kama angewahi kukaimu angeniambia.

#6 Binti Gungu

Haya.

#7 Tabibu wa Mwambao

Nimesoma nikacheka, halafu nikanyamaza. Mimi ni tabibu. Huu ni mwaka wa nne niko mganga mfawidhi, yaani msimamizi, wa zahanati moja huku mwambao wa ziwa, wilaya ya Uvinza.

Siku niliyoripoti tulishuka kwenye boti watu watatu: mimi, muuguzi, na mhudumu wa afya ambaye ni mwanaume wa makamo, ana kitambi na kalamu mfukoni. Mwenyekiti wa kijiji alitupita sisi wawili akaenda kumshika mkono mhudumu. "Karibu sana daktari." Yule baba wa watu akaona aibu hadi akaangalia chini. Miezi ya mwanzo mgonjwa alikuwa akimaliza kuongea na mimi anapita dirishani kumwuliza mhudumu kama nilichoandika ni sawa.

Hilo lilikwisha lenyewe. Usiku mmoja aliletwa mama, mtoto katanguliza miguu. Tulihangaika naye mimi na muuguzi hadi kunakucha. Mtoto huyo sasa anakimbiza kuku wangu. Tangu siku ile hakuna aliyeuliza daktari yuko wapi.

Kisichokwisha ni safari. Kikao cha wafawidhi kinapangwa asubuhi, kwa hiyo boti napanda usiku. Tunakaa juu ya magunia ya dagaa, watu thelathini na zaidi, ndani hakuna choo. Mwanaume anasimama pembeni anamaliza haja yake ziwani, maisha yanaendelea. Mimi siku ya safari siweki maji mdomoni tangu mchana. Mwaka mmoja nilisafiri hivyo na mtoto wa miezi 5 mgongoni. Nikafika kikaoni, mkubwa mmoja akaniuliza mbele ya watu, "Mfawidhi, mbona unasinzia?" Posho ya kujikimu inatoka baada ya kikao, kwa hiyo jana yake ulale wapi ni juu yako.

Mzee wa Katonga, hicho kitengo chako cha fildi kinasafiri na nini, saa ngapi, na kinalala wapi? Inawezekana huyo dada hajakataa uongozi. Kakataa boti.

#8 Kanuni za Kazi

Niongeze upande wa sheria, maana watu wanadhani haya ni mambo ya huruma ya bosi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya jinsia, ujauzito, hali ya ndoa na mengine. Na ubaguzi hauishii kwenye kuajiri: kupandisha cheo, mafunzo na uhamisho vimo humo humo. Kifungu cha 33 ndicho chenye likizo ya uzazi: siku 84 zenye malipo, 100 kama ni pacha. Akirudi na bado ananyonyesha, mwajiri ampe muda wa kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi. Baba ana siku 3 ndani ya wiki ile mtoto aliyozaliwa. Siku 3! Hapo mtajua mtunga sheria alidhani nani atabaki na mtoto.

Ukiona umeonewa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo, na muda ni mfupi: siku 30 kama umeachishwa kazi, siku 60 kwa malalamiko mengine. Wengi wanakwenda mwaka wa pili, wakati mlango ulishafungwa.

Sasa niulizeni, kati ya mabosi mliowahi kuwa nao, nani alimpangia mama anayenyonyesha saa zake 2 bila kumpangia na kikao saa 11 jioni?

#9 dagaa_mkavu

Kikao cha saa 11 jioni kinachoanza saa 12 na kuisha kwa "mengineyo".

#10 Mwalimu Mstaafu

Wajukuu zangu, bibi yenu niko Ipuli, Tabora. Nilisoma Tabora Girls. Pale dada mkuu msichana, kiranja wa bwalo msichana, anayepiga kengele msichana, na anayepanda mwembe kuangua embe zisizo zake pia msichana. Tulikua hatujui kuwa kuongoza kuna wenyewe.

Nikaajiriwa shule ya mchanganyiko. Kikao cha kwanza cha walimu, mkuu wa shule akaangaza macho chumba kizima akanikuta mimi. "Mwalimu, wewe una mwandiko mzuri, tuandikie muhtasari." Niliona ni heshima. Nimeandika mihtasari miaka 9. Wanangu, jaribuni siku moja: huwezi kuandika maneno ya watu kumi na tano na wewe ukapata nafasi ya kusema lako. Kila kikao nilikuwemo, hakuna hata kimoja nilichosikika.

Ilipokuja nafasi ya makamu mkuu wa shule, jina langu likatajwa. Mkubwa mmoja akasema, nilisimuliwa baadaye na aliyekuwepo, "Huyu mama ni mchapakazi, ila hana mchango kwenye vikao."

Mzee wa Katonga, kwenye vikao vyako nani anaandika muhtasari?

#11 Mzee wa Katonga

Mama shikamoo.

Mama Neema.

#12 Mwalimu Mstaafu

Marahaba mwanangu.

#13 Mama Bani

Mwangaluka. Mimi niko Urambo, mambo ya ofisi kwetu ni ya wachache. Uongozi tunaoujua ni wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima wa tumbaku. Mwenyekiti wa AMCOS ndiye anayejua mbolea inafika lini, mkopo umekaaje na kwa nini mitumba ya tumbaku imerudishwa sokoni.

Tumbaku yenyewe anailima nani? Kitaluni namwagilia mimi. Kuchuma majani, kuyafunga kwenye fito, kukesha kwenye bani, banda la kukaushia, tukichunga moto usizidi na usizime, kuchambua madaraja, ni mimi na watoto. Kadi ya uanachama ina jina la baba. Mitumba inapelekwa sokoni kwa jina la baba. Na bodi hugombei kama huna uanachama. Mkutano mkuu ukifika, viongozi wanasimama wanasema "akina mama hawajitokezi". Mimi nacheka kama huyo Mama Neema.

Urambo hii hii imewahi kumpeleka bungeni Mama Margaret Sitta, mwalimu, akawa na waziri wa elimu pia. Kwa hiyo kumchagua mwanamke tunaweza. Kijijini ndiko kugumu, maana huko ndiko kadi inakoanzia.

Misimu miwili iliyopita nilikata kadi yangu, heka moja na nusu. Mume wangu hakugomba. Aliuliza tu, "Kwa hiyo sasa tutagawana mbolea?" Nikamwambia jembe tumegawana siku zote, mbolea inakushinda nini.

#14 Nguvu Moja

Sawa, hadithi ni nzuri. Lakini mwisho wa yote mnataka vya upendeleo. Makao makuu wanamhesabia mwenzetu wanawake kama wanahesabu mifuko ya saruji. Mwenye sifa apewe, asiye na sifa aachwe. Hivi viti maalumu vya kila mahali ndivyo vinawafanya watu wasiheshimu hata wale wanaoweza.

#15 Reli ya Kati

Nguvu Moja, hoja yako ina uzito kidogo, tusiifukuze. Mwanamke akipewa nafasi ili fomu ijae, atadharauliwa na atashindwa. Ila angalia waliofika juu hapa kwetu walipitia wapi.

Anne Makinda kawa Spika wa kwanza mwanamke mwaka 2010. Chama chake mwaka ule kilipeleka majina matatu na yote yalikuwa ya wanawake, na aliyekuwa Spika, Samuel Sitta wa Urambo kwa kina Mama Bani, akabaki nje. Watu walisema upendeleo. Lakini Makinda alikuwa bungeni tangu 1975, na miaka 5 kabla ya hapo alikuwa Naibu Spika. Tulia Ackson kawa Spika 2022, alikuwa naibu tangu 2015. Rais Samia aliapishwa Machi 2021, alikuwa Makamu tangu 2015. Wote watatu nafasi ilipofunguka walikuwa wamesimama hatua moja kutoka mlangoni, wanaijua nyumba, wana mamlaka ya kweli na watu wameshazoea kuwasikia.

Sasa rudi kwenye ofisi zetu. Naibu wa mkuu wa kitengo ni nani? Mara nyingi hayupo. Yupo "msaidizi" asiye na barua. Siku nafasi inafunguka, tunaangaza macho kama yule mkuu wa shule, tunasema hakuna mwanamke aliye tayari.

Norway walitunga sheria 2003 kwamba bodi za makampuni makubwa ya hisa ziwe na angalau asilimia 40 ya kila jinsia. Kwanza iliachwa kwa hiari, makampuni yakajivuta. Ikawekwa adhabu ya kuvunjwa kwa kampuni, na kufikia 2008 bodi zilikuwa zimejaa. Waajiri wa huko wakaanzisha na mafunzo ya kuandaa wanawake waliopendekezwa na waajiri wao. Chama cha Waajiri Tanzania wakachukua mfano huo, ndio huu mpango wa Mwanamke Kiongozi. Dada yangu alipita humo. Anasema darasa lilikuwa zuri, ila kilichomsaidia zaidi ni kwamba mkurugenzi wake alilazimika kusaini kwamba anamtuma. Baada ya kusaini, hakuweza tena kusema hamjui.

#16 Nguvu Moja

Norway na Mwanga yetu ya Kigoma wapi na wapi.

#17 Reli ya Kati

Ndiyo maana nilianza na Urambo.

#18 Mzee wa Katonga

Wakuu, ni Jumatatu saa 10 na nusu jioni. Naandika nikiwa ofisini, mlango nimefunga.

Binti Gungu, alikaimu. Miezi 14, kabla sijaja. Barua ya kukaimu ipo. Barua ya posho ya kukaimu haipo, nimepekua faili ukurasa kwa ukurasa. Ripoti zote za miezi hiyo zina saini yake, na mbili kati ya hizo mtu wa makao makuu ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu "kazi nzuri". Mwezi wa 15 akaletwa kijana kutoka Dar. Na kuna karatasi moja, mistari minne, inamwelekeza akabidhi ofisi na "kumwelekeza kazi mkuu mpya wa kitengo kwa kipindi cha miezi mitatu".

Yaani alimfundisha kazi bosi wake. Kijana huyo ndiye aliyeondoka mwezi uliopita. Kiti chake ndicho nilichomwambia akikaimu aone inavyokwenda.

#19 dagaa_mkavu

Nimeweka kikombe chini.

#20 Kanuni za Kazi

Serikalini Kanuni za Kudumu zinataka kukaimu kusizidi miezi 6, ingawa sote tunawajua watu waliokaimu hadi wakastaafu. Mashirika binafsi kila mmoja ana mwongozo wake. Angalia wa kwenu unasemaje, Mzee. Nahisi upo na haujawahi kufunguliwa.

#21 Nguvu Moja

Hapo kwenye kukaimu nasimama na Mama Neema. Hata mimi, na uanaume wangu, nimekaimu miaka miwili nikaambiwa "asante kwa uzalendo". Hilo si la wanawake peke yao.

#22 Binti Gungu

Si letu peke yetu, kweli. Ila wewe ulipoondolewa, kuna mtu alisema uliipata hiyo kaimu kwa sababu gani? Sisi tukipewa linaulizwa swali, tukinyang'anywa linaulizwa lile lile.

Mzee umesema ukweli wako, na mimi niseme wangu. Mwaka 2016, si Kigoma, nilifanya usaili wa kuwa msimamizi, nikaambiwa nimefanya vizuri. Kabla barua haijatoka, aliyekuwa akiisaini alinitumia ujumbe wenye jina la hoteli na namba ya chumba. Sikwenda. Barua haikutoka. Nilipoulizwa na wenzangu nilisema "nimeamua kupumzika na vyeo". Kwenye kumbukumbu za ofisi ile mimi ni mwanamke aliyekataa uongozi. Kwa hiyo kila nikisikia "wanawake wanakimbia vyeo" huwa najiuliza ni wangapi walikimbia kitu kingine, wakasema cheo kwa sababu hicho ndicho kinachotajika.

#23 Kanuni za Kazi

Pole sana dada. Kwa wanaopitia hayo leo: hiyo ni rushwa ya ngono, kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Usifute ujumbe. TAKUKURU namba ni 113, bure.

#24 Mume wa Bosi

Nilikuwa nasoma tu, ngoja niingie. Mimi ni seremala, niko Mwanga hapa Kigoma. Mke wangu anaongoza tawi la taasisi moja ya fedha Kasulu. Watoto watatu niko nao mimi. Anakuja Ijumaa jioni, anaondoka Jumapili.

Asubuhi nachemsha uji, nasuka nywele za wa mwisho kwa mtindo mmoja tu ninaoujua, kisha naenda karakana. Mtaani wanasema nimekaliwa. Wengine wanasema limbwata, na wanamtaja hadi mganga. Mama yangu alikuja kutoka kijijini akakaa wiki. Siku ya tatu alinikuta nafua sare za shule, akasimama kwa muda, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mke wako mzima?"

Siwezi kuwadanganya kwamba ilikuwa rahisi. Mwaka wa kwanza nilikuwa nampigia saa 4 usiku kumwuliza yuko wapi na nani. Tuligombana sana. Mara mbili aliandika barua ya kuachia ngazi, zote nikaziona. Ya pili nilimwomba aichane. Si kwamba nilikuwa nimekuwa mtu mwema ghafla. Nilipiga hesabu ya bati na ada.

Ninachowaomba mabosi: mkimteua mwanamke msimpe barua Alhamisi inayosema ripoti Jumatatu. Mwanaume akipata barua hiyo anafunga begi. Mke wangu alifunga begi, akatafuta wa kukaa na watoto, akaenda kwa mama mkwe kuomba ruhusa, akanituliza mimi, na Jumatatu saa 2 alikuwa kwenye kiti. Wangeweza kumpa mwezi. Hakuna kilichokuwa kinaungua Kasulu.

#25 Tabibu wa Mwambao

Mume wa Bosi, kwenye mtindo wa nywele nimecheka hadi wagonjwa wameniangalia. Mungu akutunze.

#26 Samaki wa Kuchoma

Kuna jambo hamjaligusa. Hapa mjini vyeo havigawiwi ofisini. Vinagawiwa jioni kwenye samaki, migebuka ya kuchoma, Katonga na kwingineko. Wakubwa wanakaa, mpira uko kwenye luninga, mtu anasema "hivi yule kijana wa stoo si anaweza?", mwingine anaitikia, mifupa ikitupwa cheo kimeshatoka. Kesho yake kikao kinathibitisha. Mwanamke hakuwepo, na angekuwepo saa 3 usiku mngemwita jina lingine.

Mzee, jina lako linanitia wasiwasi.

#27 Mzee wa Katonga

Jina langu limetoka huko huko, sikatai. Yule kijana wa nafasi ya muda tulimpata hivyo. Alilipa vinywaji siku hiyo, nakumbuka.

#28 Mzee wa Katonga

Wakuu mrejesho, Alhamisi.

Jana nilimfuata Mama Neema mezani kwake, sikumwita kwangu. Nikamwambia nimesoma faili. Akaendelea kupanga karatasi zake. Nikamwambia pole. Akasema, "Ulikuwa hujaja." Basi nikamwuliza: ukipewa kalamu uandike mwenyewe kazi hii iweje ndipo uikubali, utaandikaje? Akavuta droo, akatoa karatasi. Ilikuwa imeshaandikwa. Ina tarehe ya mwaka jana.

La kwanza, hakaimu tena. Barua ya uteuzi kamili na mshahara wa kiti, au tumwache. La pili, safari za mwambao: boti ya kukodi, mchana, akisafiri na mfanyakazi mwenzake wa kike, na malazi yalipwe kabla ya kuondoka. Tabibu, nilikukumbuka, kaandika hata habari ya choo. La tatu, kitengo kiwe na naibu mwenye barua, na naibu huyo achaguliwe kwa usaili, si kwa kuonekana. La nne, muhtasari wa vikao uandikwe kwa zamu, kuanzia kwangu.

Nikamwambia haya yote yanawezekana, na makao makuu watafurahi kwa sababu wana fomu yao. Hapo ndipo alinitazama. "Bosi, mimi sitaki kuwa namba kwenye fomu yako. Kama faili langu lingekuwa la mwanaume, nafasi hii ungeshampa."

La nne nimelianza jana hiyo hiyo. Nimeandika muhtasari wa kikao cha wiki kwa mkono wangu. Mwalimu Mstaafu, ni kweli, nilikuja kushtuka wamepitisha ajenda ya mafuta ya magari na mimi meneja sijasema neno.

La kwanza na la pili yanahitaji saini ya Dar. Leo asubuhi nimempigia mkubwa wangu. Kasema, "Mkazie kidogo, atakubali kukaimu, hawa huwa wanakubali." Nimemwambia nitamwandikia. Barua nimeirasimu sasa hivi.

#29 Nguvu Moja

Boti ya kukodi ni hela nyingi mkuu. Wataanza kusema mwanamke ana gharama.

#30 Tabibu wa Mwambao

Yule kijana wa Dar alikuwa anakwenda na nini? Mzee, angalia vocha zake za safari.

#31 Mzee wa Katonga

Nimeangalia. Alikuwa anakodi boti. Ya mchana.

#32 dagaa_mkavu

Sina la kusema na mimi ni mtu wa maneno.

#33 Tabibu wa Mwambao

Ambatisha hizo vocha kwenye barua. Na jambo moja, nakuomba kama dada yako: kabla hujaituma isome tena utafute neno "ikiwezekana". Barua zangu zote za kuomba choo na nyumba ya mtumishi zilikufa kwenye neno hilo.

#34 Mzee wa Katonga

Nimeisoma. Lilikuwemo mara mbili. Nimeyafuta yote mawili na barua imeondoka saa 8 na dakika 10. Ofisi ya kitengo bado imefungwa, ufunguo uko mezani kwangu.